Mkeka umechanika Kirumba

Jumamosi nilikuwa uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, jukwaa la jua, naangalia timu yetu, Pamba. Mbele yangu kakaa kijana na jezi ya timu kabisa, ila macho yote kwenye simu. Mkeka wake wa kubeti una mechi 14 na Pamba haimo hata moja! Goli likaingia, tukaruka, yeye ndiyo kwanza anauliza, "Nani kafunga?" Kisha huyoo, karudi kwenye mechi zake za Uingereza.

Mimi Pamba nimerithi. Marehemu mzee alikuwa anapima dagaa pale Mwaloni. Siku ya mechi anafunga mizani mapema, hana hata muda wa kubadili shati, tunaingia uwanjani tunanuka ziwa zima. Timu iliposhuka daraja hakuhamia Simba wala Yanga. Wakitajwa redioni anapunguza sauti, anasema betri inaisha.

Mwaka 2024 Pamba ikarudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Mzee hakuiona.

Nami nisijifanye mtakatifu. Nina king'amuzi nyumbani, na kikosi cha Arsenal nakitaja usingizini. Cha Pamba? Majina manne, tena kwa kukisia. Kirumba yenyewe sikuwa nimekanyaga tangu msimu uliopita, na naishi Pasiansi hapo!

Dakika ya 80 kijana akanigeukia, uso umemshuka. "Mzee wangu, mkeka umechanika."

Nikammiminia karanga kiganjani. Akaweka simu mfukoni, akaniuliza namba 7 wetu anaitwa nani.

Sikumjua.