Usiku wa Mamba hauna baridi tena

Kitu cha kwanza nilichonunua Himo baada ya kurudi ni chandarua. Ndiyo, chandarua, tena cha kulalia kwetu Mamba, huku juu Kilimanjaro, jirani na Marangu, tulikokuwa tunalala na soksi na blanketi mbili kuanzia Juni. Enzi zile mbu alikuwa shida ya watu wa Kahe, kule chini tambarare. Nilipomlalamikia baba mdogo akaniambia, "Si wewe uliyeondoka na baridi yetu ukaipeleka Uingereza?" Tukacheka. Nilipoingia kihambani, shamba letu la migomba na kahawa, sikucheka tena.

Ninyi mlio nje, kila mkinipigia mnauliza habari za theluji. Theluji, theluji! Haya, inakwisha kweli: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kilele cha Kibo mwaka 1912 haikuwepo tena kufikia 2007, na ukisimama barabarani ukatazama juu roho inauma. Lakini mgomba wa bibi yako haukuwahi kutegemea barafu. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanatoka msituni, na mvua kubwa kuliko zote kwenye mlima huu inanyesha humo humo msituni, si kileleni. Theluji waachieni watalii. Sisi tumeumizwa na usiku.

Nieleze vizuri, maana hili ndilo linaloninyima usingizi, pamoja na hao mbu. Arabika, kahawa tunayolima huku, ni zao la ubaridi, linataka wastani wa nyuzi kama 18 hadi 22. Mchana mti unatengeneza chakula, usiku unakitumia kuishi. Usiku ukiwa na joto unakitumia zaidi, na kinachobaki kwa ajili ya buni kinapungua. Isitoshe, matunda yanawahi kuiva kabla punje haijajaa. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 uliopima arabika ya Tanzania ulikuta kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye joto la chini la usiku inaondoa kilo 137 kwa hekta. Usiku, jamani! Wakati wote huo watu wakifuta jasho mchana na kulaumu jua.

Mama hajasoma utafiti wowote. Mbele yangu alimwaga kahawa mbivu kwenye ndoo ya maji kabla ya kumenya, kama tulivyofanya siku zote, kuondoa nyepesi. Zamani zilikuwa zikielea chache, tunaziokota kwa kiganja. Safari hii uso wa maji ulifunikwa. Nyingine zilikuwa na tundu dogo kwenye kitovu, kazi ya yule mdudu mweusi mtoboa buni ambaye naye anapenda joto. Mama akaziengua kwa ungo, kimya, akaendelea na kazi.

Halafu kuna tawi. Mnakumbuka kahawa ilivyokuwa ikichanua? Kiangazi kinaukausha mti, mvua ya kwanza inashuka, na baada ya siku chache kijiji kizima kinanukia kwa mkupuo. Sasa mvua inadondoka robo, inakatika, inarudi. Nilishika tawi moja lenye ua jeupe, tunda kijani, tunda jekundu na jingine lililokaukia mtini. Maana yake unachuma tawi hilo hilo mara nyingi, na mchumaji analipwa kwa debe, hapendi kuzunguka mti mzima kutafuta vitunda vitano. Ikifika zamu ya kuanika, manyunyu yanakukuta na kahawa iko kwenye vichanja, mnakimbizana na turubai kama wezi.

Mahindi ya tambarare sitayasemea sana. Vuli ya 2020, 2021 na 2022 ziligoma mfululizo, ya 2023 ikaja na El Niño ikasomba. Ukimuuliza mtu lini anapanda, anatazama juu kwanza.

Sasa kwenu mnaojiandaa kurudi "kufufua shamba la mzee". Ile kalenda ya mzee mliyoikariri, masika Machi, vuli Oktoba, iacheni huko huko. Sikilizeni utabiri wa msimu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu mfunge kopo la kupimia mvua uani, kwa sababu utabiri ni wa eneo kubwa na kihamba chako ni chako. Msikate mringaringa wala mruka ili mpate mbao za nyumba ya ghorofa. Kivuli kile ndicho kiyoyozi pekee mlichonacho, na nimeona vihamba vilivyonyolewa vikawa vyeupe, mibuni imesinyaa, nyumba inang'aa. Chukueni miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo: inastahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, ingawa joto la usiku hakuna mche unaolipenda. Matandazo ya majani ya mgomba, mengi. Mimi nimeweka tanki la lita 10,000 la kuvunia maji ya bati, majirani walisema ni mbwembwe za Ulaya, sasa wanakuja na madumu.

Wanaong'oa kahawa wakapanda parachichi siwalaumu. Ila wengine wameng'oa na kupanda vyumba vya wapangaji.

Na yule ndugu mnayemtumia hela ya dawa ya kahawa kila msimu, msiombe picha ya risiti. Risiti anazo. Mwambieni awapigie picha ya tawi.