Ukazo, mji wangu wa fantasia unaokufa huku unafuata ratiba

Kila anayetunga mji wa fantasia unaokufa anaanza na mfalme katili. Ngome nyeusi, walinzi wakorofi, kodi za kuua, alafu mashujaa wanaingia wanamkata kichwa na kesho yake soko limejaa nyanya. Mi hiyo stori imenichosha bana. Mji wenye sheria kali hauhitaji mtu mbaya hata mmoja, na ukimuweka umeshaharibu, maana macho ya wachezaji wote yatamwendea yeye na hakuna atakaejiuliza kwa nini watu wa mji, na akili zao timamu, bado wanafuata.

Kwa wageni wa hapa, Ukazo ni mji mdogo kwenye dunia ninayoijenga kwa ajili ya gemu letu la mezani, yale ya dadu na karatasi na kubishana mpaka usiku wa manane. Uko kisiwani, una mikoko, majumba ya mawe ya matumbawe, ukuta, gati la ngazi nyingi, na siwa moja ya shaba, yani baragumu kubwa la heshima, inayopigwa na ukoo mmoja tu. Dunia ile ina miezi miwili, mkubwa na mdogo. Miezi yote ikipevuka pamoja kunakua na Bamvua Kuu, maji yanapanda mpaka ngazi ya juu kabisa na majahazi makubwa yanaingia mkondoni. Siku zilizobaki ni maji mafu na tope, huingizi hata mtumbwi wa maana. Kwa iyo mji mzima ulikua unaishi kwa kuisubiri hiyo siku moja, na kila sheria yao ukiichimba unakuta mzizi wake uko pale gatini.

Alafu mwezi mdogo ukaacha kuchomoza. Kwa nini? Sijaamua na sitaamua, msiniulize.

Sasa angalieni sheria zenyewe. Wiki ya Bamvua Kuu ni marufuku kuwasha moto juu ya dari, kwa sababu manahodha walikua wanaelekezwa na taa moja tu ya gatini na moto mwingine ungewapeleka mwambani. Marufuku kuoa wiki hiyo, mikono yote inatakiwa kwenye mizigo. Marufuku kutega nyavu mkondoni. Na ndoo ya kwanza ya maji kila alfajiri inapelekwa nyumba ya mkuu wa gati, kwa sababu yeye ndo alikua analaza mabaharia na wageni wakifika wana kiu. Zote sheria za akili kabisa, ningekua diwani wa Ukazo ningezipitisha zote mimi mwenyewe.

Ila majahazi hayaji tena. Na kila ikifika tarehe ya Bamvua Kuu kwenye hesabu yao watu wanazima majiko ya darini, siwa inapigwa, wazee wanateremka gatini na kanzu zilizopigwa pasi wanatazama tope mpaka jua linazama, wanarudi.

Ile ya ndoo ndo naipenda kuliko zote. Nyumba ya mkuu wa gati haina mtu, ukoo umeisha, mlango una kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Mji una shida ya maji, visima viwili vimeshakua vya chumvi. Lakini kila alfajiri zamu ya mtoto fulani kuchota ndoo ya kwanza, anapita vichochoro vile vyembamba ndoo inamgonga gotini, anafika kizingitini, anagonga mara tatu, anasubiri kidogo kwa heshima, alafu anaimwaga pale mlangoni. Maji yanapita chini ya mlango. Pale kizingitini pameota majani mabichi, sehemu pekee mji mzima yenye kijani, na kuna mbuzi anajua saa. Wachezaji wangu walicheka mpaka basi kuhusu huyo mbuzi, alafu mmoja akauliza, mtoto akiamua kunywa je? Nikamjibu hajawahi kuamua mtoto yeyote. Wakanyamaza. Hapo nikajua mji umekubali.

Mtu akiniuliza haya nayatoa wapi naona kama ananitania. Sisi tumekaa juu ya pwani iliyojaa miji iliyokufa, alafu tunaenda kuazima vijiji vya baridi na theluji na mabaa ya bia! Chukua Takwa, mji wa magofu pale kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Watu waliuhama karne ya 17, sababu zinazotajwa ni maji kuingia chumvi na ugomvi na mji wa Pate, wakavuka mkono wa bahari wakahamia Shela, kisiwa cha Lamu. Sawa, wamehama, imeisha. Haijaisha. Pale Takwa kuna kaburi la mnara lenye mwaka wa Hijria 1094, yani kama 1683, na watu wa Shela waliendelea kuvuka kwenda kuomba dua ya mvua kwenye mji ambao babu zao waliukimbia kwa kukosa maji. Ukiandika hivo kwenye hadithi mhariri atakwambia umezidisha.

Au Gede, karibu na Watamu. Ina kuta mbili, wa nje na wa ndani. Ndani ya ule wa ndani kuna kasri, msikiti mkubwa, nyumba za mawe, na nje ya hapo walikua wanakaa watu wa nyumba za udongo na makuti. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948 na zile nyumba zikapewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani, kuna Nyumba ya Mkasi, kuna Nyumba ya Sanduku la Pembe. Nimeiba huo mtindo mzima mzima. Ukazo nyumba tupu haiitwi tena kwa jina la ukoo, ni haramu kulitaja jina la ukoo uliokatika, inaitwa kwa kitu cha mwisho kilichoonekana ndani kupitia dirishani. Kwa iyo kuna Nyumba ya Kinu, Nyumba ya Kiti Kimoja, na kuna moja ambayo watoto wanapita mbio inaitwa Nyumba ya Taa na sijasema taa hiyo inawaka au haiwaki.

Pate nayo ndo usiseme. Mji uliokua unatishia kila mtu pale visiwani, ulikua na siwa yake ya pembe ya ndovu, na washairi, na wafua fedha. Mnamo 1812 hivi Pate wakishirikiana na ukoo wa Mazrui, watawala wa Mombasa, wakashuka Shela kuipiga Lamu, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamekaa mchangani, basi wakamalizwa pale pale ufukweni. Yani dola imeangushwa na ratiba ya maji. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir akayalilia majumba ya Pate kwenye utenzi wake wa Al-Inkishafi, vile vidaka vya ukutani vya kupangia sahani za kichina vimegeuka kulala ndege. Siku hizi ukienda kule kuna magofu na katikati ya magofu kuna mashamba ya tumbaku. Sio huzuni tu, watu wanalima, wanaishi, wanauza. Hiyo nayo muiweke kwenye miji yenu jamani, mji uliokufa hauwi mtupu, unakua na watu wanaoendelea na mambo yao kwenye sebule ya mtu mwingine.

Ujenzi pia usiupuuze, unafanya kazi kubwa kuliko maelezo ya hali ya hewa. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko na boriti haikupi zaidi ya mita 2.5 au 3 hivi. Mti umeamua upana wa maisha yako. Na kuna wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili za ukoo mmoja, wanawake wanatembeleana bila kukanyaga njia. Ukazo nimeyaweka mawikio mengi sana alafu nikazitoa familia. Sasa hivi binti akitaka kumuona rafiki yake upande wa pili wa mji sheria inamtaka apite juu, kwa iyo anapita nyumba tupu baada ya nyumba tupu, anasalimia kila chumba maana adabu ni kusalimia, hodi hodi mpaka anafika. Njia ya chini ingemchukua dakika tano.

Baraza la gatini ndo lilituletea kasheshe. Kila ukoo ulikua na kiti chake kwenye lile benchi la mawe, na hilo nalo lina sababu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi vijana wa mji walivyokua wanatoka na mashua kuipokea meli, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu, na kuanzia hapo mgeni anauza na kununua kupitia kwa mwenyeji wake. Ndo mfumo wa Ukazo huo huo, kiti chako barazani maana yake una haki ya kua mwenyeji. Koo zimekatika, viti vimebaki. Kwa iyo utakuta benchi karibu lote liko wazi na wazee wamesimama pembeni juani wanatetemeka miguu, sababu wao viti vyao ni vile viwili vya mwisho na vimeshajaa.

Basi mchezaji mmoja, nahodha wetu mwenye kiherehere, akaenda akakaa katikati ya benchi. Wote wakanitazama wakisubiri walinzi watokee. Hakuna mlinzi aliyetokea. Wazee wakainamisha vichwa, wakaondoka mmoja mmoja, mwenye samaki akafunika samaki wake, mwenye mkate akafunga, na siku hiyo Ukazo haikufanya biashara. Kesho yake pia. Hakuna aliyewatukana wachezaji, waliendelea kupewa salamu zote, lakini hawakuuziwa hata ndimu. Mi naamini adhabu ya mji wa namna hii lazima iwe hivo, mji unajinyima wenyewe ili wewe uone aibu. Shimo la gereza na minyororo ni uvivu wa mtunzi.

Kitu ambacho sikua nimekitengeneza vizuri ni upande wa nje ya ukuta, nilikua nimeandika tu "makuti, wavuvi". Na hapa ndipo Lamu yenyewe inapokataa kua Pate. Lamu nayo ilikua na daraja zake, waungwana wa Mkomani na majumba ya mawe, na upande wa Langoni wenye makuti na watu waliochukuliwa kua wa chini. Mwishoni mwa karne ya 19 akaja Habib Swaleh kutoka Ngazija, akakaa na hao wa chini, akawafundisha dini pamoja na watu waliotoka utumwani, na maulidi yakasomwa kwa matari, wakubwa wengine wakachukia kweli kweli. Leo msikiti wa Riyadha uko Langoni na Maulidi ya Lamu yanavuta watu kutoka pwani nzima na nje ya nchi. UNESCO waliuweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nadhani wengi walikua wanatazama milango na plasta za Mkomani, lakini mi nikiulizwa nini kimeufanya usiwe gofu, nitataja na watu waliokua hawana kiti.

Kwa iyo nimerudi kwenye ramani. Nje ya ukuta wa Ukazo sasa kuna mtaa wenye watoto wengi, kelele, kuku, watu wanaochimba visima vyao bila kumuuliza mtu, na visima vyao bado vitamu. Hawaruhusiwi kushika mzigo wa gatini wala kuisikia siwa wakiwa wamekaa, inabidi wasimame, na wanasimama, ila wanaendelea kumenya muhogo.

Wachezaji wanadhani lengo la kampeni, yani hadithi nzima ya gemu letu, ni kuurudisha mwezi mdogo. Wanakusanya vitabu, wanatafuta mganga. Siwarudishii. Kikao kijacho jahazi linaingia siku ambayo sio, limepotea njia, linakwama topeni maji mafu, limejaa mchele, na nahodha wake hajui chochote kuhusu benchi. Ndani ya ukuta tarehe haijafika kwa iyo kisheria jahazi halipo, hakuna anayeruhusiwa hata kulitazama. Na kutoka mtaa wa makuti kuna mama ameshaingia kwenye tope mpaka magotini na sahani imefunikwa na kawa.

Nimebakisha jambo moja la kiufundi: wazee wakikataa kuliona jahazi nawarushia dadu kila mmoja kivyake au benchi zima mara moja? Mi naelekea kwenye benchi zima, viti vitupu navyo vikihesabiwa kura.