Bilauri mbili dirishani

Masika ya mwaka juzi, mvua ya usiku mmoja ilinichukulia matuta mawili. Nalima mchicha na bamia kwenye mteremko hapa Mikindani, Mombasa, mahali ambapo ukisimama juu waiona mikoko ya hori la Tudor. Asubuhi nilikuta mizizi ya bamia iko nje, imening'inia, na chini karibu na ua tope laini la rangi ya chai ya maziwa.

Niliilaumu mvua. Lakini ami yangu kiwanja chake kimepakana na changu, mteremko ni ule ule, udongo ni ule ule mzito wa mfinyanzi, na hakupoteza hata beseni moja. Nikamwendea.

"Ami, umefanya nini ambacho mie sikufanya?"

"Sikufanya kitu, mwanangu. Majani ya mwembe yaanguka, nami nayaacha."

Nilichukua bonge moja la udongo kwake na moja kwangu, kila moja kama kokwa ya tende, nikayaanika kivulini siku tatu. Kisha nikayatumbukiza katika bilauri mbili za maji ya mvua, nikaziweka dirishani. La ami lilitoa mapovu, likamomonyoka kidogo pembeni, likatulia. Langu lilisambaratika nikiwa bado nimesimama hapo. Kilichonitia hofu zaidi kilikuja baadaye: maji yenyewe yaligeuka kama maziwa, na kesho yake alfajiri yalikuwa bado hayajatakata.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa bonge la udongo hufa vifo viwili. Cha kwanza ni cha hewa. Bonge kavu lina hewa ndani. Maji yakiingia kwa kasi kutoka pande zote, hewa hubanwa ikatafuta njia na kulipasua. Kinacholizuia lisipasuke ni mboji, mizizi midogo, nyuzi za kuvu na ule ute wa bakteria, ambavyo hushika chembe pamoja, na mboji hupunguza kasi ya maji kuingia. Vyote hivyo ami alivipata kwa majani ya mwembe. Mie nilikuwa nikiyafagia na kuyachoma, kisha naipiga ardhi jembe mpaka iwe vumbi. Nimelelewa hivyo, uwanja wenye majani ni aibu, nikaufanyia udongo adabu ya uwanja.

Kifo cha pili ndicho kilichoyageuza maji maziwa. Chembe za mfinyanzi, ndogo kuliko milimita 0.002, huachana zenyewe kwa zenyewe zikibeba sodiamu nyingi, ile iliyomo katika chumvi. Na sodiamu niliileta mwenyewe kwa ndoo. Kiangazi tatu mfululizo nilimwagilia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Uharibifu huo hauonekani wakati unapofanyika, kwa sababu maji ya chumvi huzifanya chembe zishikane. Mvua inaposhuka na maji yake matamu, chumvi huoshwa, sodiamu hubaki imeng'ang'ania mfinyanzi, na hapo kila kitu hulegea. Tone kubwa la mvua laweza kufika ardhini kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo uliolegea, chembe huziba matundu, juu hufanyika gamba, na maji yasiyopata pa kuingia hukimbilia bondeni na kila kilicho njiani.

Na bondeni kuna hori. Zile chembe zilizokataa kutulia katika bilauri yangu zikikutana na maji ya bahari hushikana tena, zikazama. Tope langu hulala mikokoni. Mikoko ya hori jirani la Mwache ilikufa kwa wingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, imefunikwa mchanga na udongo uliotoka bara. Tangu nilijue hili siwezi kulitazama hori bila kufikiri juu ya matuta yangu.

Nimeacha maji ya kisima. Nakinga ya paa. Majani hayachomwi tena, nayatandaza pamoja na makumbi ya nazi, na samadi nimeitia kila vuli. Mboji peke yake haiitoi sodiamu, kwa hiyo nilinunua jasi, madini yenye kalisi (kalsiamu), kwenye duka la pembejeo: kalisi hiyo hukaa mahali pa sodiamu, kisha mvua huisukuma sodiamu chini, maadamu maji yana njia ya kupita. Kazi hii ni ya pole pole mno, na wanaoahidi dawa ya msimu mmoja wanawadanganya wakulima.

Juma lililopita nimerudia bilauri. Bonge la tuta la juu lilivunjika vipande vitatu, lakini maji yalibaki safi, nikawaita watoto waje waone. La tuta la chini bado linatoa wingu, jembamba kuliko la mwanzo. Hapo nitaongeza jasi kabla ya mvua za Oktoba.