Atlanta mwishoni mwa Agosti, kwa anayerudi

Anayerudi Atlanta baada ya miaka mingi hushauriwa aje Aprili, maua yakiwa yamechanua na jioni zikiwa na ubaridi kidogo. Huo ni ushauri wa mtalii. Anayerudi kukaa aje wiki ya mwisho ya Agosti, mchana ukigonga nyuzi 32 na usiku ukishuka kwa shida hadi 22, kwa sababu ndipo mji unapoonyesha kila kinachoota bila kupandwa na kila kinachoharibika bila kuguswa. Ukiuelewa mwezi huo, iliyobaki si kazi.

Tuanzie uwanja wa ndege, maana wengi hupotezana na wenyeji wao hapohapo. Aliyeondoka kabla ya Mei 2012 anakumbuka kukaguliwa, kuyakabidhi tena mabegi, kisha kupanda treni ya ndani hadi jengo la safari za nchini. Sasa safari za nje zina jengo lake upande wa mashariki, lenye jina la Maynard Jackson, aliyekuwa meya wa mji, na unatokea hapo na mizigo yako mkononi. Anayekuja kukupokea afuate barabara kuu ya I-75, si I-85, la sivyo atakusubiri upande wa pili wa njia za ndege. Kasoro ya mpango huu ni kwamba kituo cha MARTA, treni za mjini, kimebaki magharibi, kwenye jengo la safari za ndani. Kuna basi la bure linalounganisha majengo hayo mawili. Lipande, usilipe teksi kwa safari hiyo.

Jua nalo lina mambo yake. Mwishoni mwa Agosti linazama karibu saa mbili usiku, kwa sababu Atlanta ipo magharibi kabisa mwa eneo lake la saa, na saa zenyewe zimesogezwa mbele hadi Novemba. Joto linafika kileleni saa kumi au kumi na moja jioni. Kwa hiyo anayesema "nitafyeka nyasi jioni jua likipoa" anachagua saa mbaya kuliko zote. Kazi ya nje ifanywe kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Alasiri mawingu hujikusanya, radi hupiga, mvua humwagika nusu saa, kisha lami hutoa mvuke na unyevu huzidi kuliko kabla ya mvua.

Mabasi ya njano ya shule yamesharudi barabarani, maana hapa shule hufunguliwa wiki ya kwanza ya Agosti. Basi likiwasha taa nyekundu na kutoa bango la pembeni, magari ya pande zote mbili husimama, isipokuwa barabara iwe na kizuizi au ukanda wa ardhi katikati; hapo husimama ya upande wa basi tu. Njia ya katikati ya kupindia kushoto si kizuizi. Wengi hukamatwa kwa kudhani ni kizuizi. Na tangu Julai 2018 kushika simu mkononi ukiendesha ni kosa, hata kwenye taa nyekundu.

Pembeni mwa barabara hizohizo ndiko kwenye maonyesho. Mti wenye vishada vya maua ya waridi, mekundu au meupe yaliyokunjamana kama karatasi laini ni mhadasi wa krepu, jamaa wa mhina na mkomamanga. Gome lake hubanduka na kuacha shina laini la rangi ya mdalasini. Mzuri kuutazama, mbaya kuegesha gari chini yake: vidukari hunyonya utomvu wa majani na kudondosha majimaji matamu, ukungu mweusi huota juu ya majimaji hayo, na baada ya siku mbili kioo cha gari kinanata. Maji ya moto na sabuni hutoa, ila usiache yakauke wiki nzima juani. Mtu akikuambia uukate vichwa wakati wa baridi ili utoe maua zaidi, kataa. Huota vijiti vyembamba visivyobeba maua yao, na mti hubaki na vinundu vibaya maisha yake yote.

Kijani kilichofunika nguzo, vibanda vibovu na kingo za reli ni kudzu, mmea wa jamii ya kunde kutoka Asia ya Mashariki. Ulionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, kisha miaka ya 1930 na 1940 serikali ikawahimiza wakulima waupande kuzuia mmomonyoko. Katika joto hurefuka hadi sentimita 30 kwa siku. Mwisho wa Agosti hutoa maua ya zambarau yaliyojificha chini ya majani, na utainusa harufu ya zabibu kabla hujaliona ua lenyewe. Usishangae kuona mbuzi na kondoo katikati ya mji: hukodiwa kuula. Wanamaliza majani, mizizi inabaki, na mwakani wanaitwa tena. Mbuzi wa kukodi hana sababu ya kumaliza kazi.

Kitu ambacho aliyeondoka zamani hakukiacha ni buibui wa Joro. Alitoka Asia ya Mashariki, akaonekana mara ya kwanza kaskazini-mashariki mwa Atlanta karibu mwaka 2014, na sasa kila baraza lina wake. Jike ana mistari ya manjano na buluu ya kijivu mgongoni na wekundu tumboni. Mwili ni kama sentimita mbili na nusu, na ukihesabu miguu anajaza kiganja. Utando wake una rangi ya dhahabu juani na unaweza kuvuka njia kutoka mti hadi waya wa umeme. Hana hatari, meno yake hupenya ngozi kwa taabu, na hukimbia kuliko kuuma. Waliokulia Afrika Mashariki wanawajua jamaa zake wenye utando wa dhahabu. Akijenga mlangoni, usipige fagio katikati ya utando, maana atauunganisha usiku huohuo kwenye nyuzi zilezile. Chukua fimbo ndefu, kata nyuzi za juu kwanza, zungushia utando kwenye fimbo pamoja na mwenyewe, umpeleke kichakani nyuma ya nyumba. Baridi ya Novemba humaliza waliobaki; mayai ndiyo huvuka mwaka.

Anayestahili kuogopwa yuko chini. Nyigu wa manjano hujenga viota kwenye mashimo ya ardhini, na kundi lao huwa kubwa zaidi Agosti na Septemba. Kabla ya kuwasha mashine ya nyasi, simama dakika tano utazame: ukiona wadudu wakiingia na kutoka sehemu moja, acha sehemu hiyo kabisa. Sisimizi wa moto wao hujenga vichuguu vya udongo laini usio na tundu juu, hasa siku moja au mbili baada ya mvua. Wakikuuma, kesho yake hutokea vipele vyenye kichwa cheupe. Usivitumbue, maana hapo ndipo vijidudu vinapoingia. Ukimwona mtu anavimba uso au anakosa pumzi, piga 911, namba ya dharura.

Maji yanayochemka huua kichuguu mara nyingine na mara nyingine hukihamisha hatua tatu. Dawa ya chembechembe ya chambo hufanya kazi vizuri kuliko maji, ila ina masharti. Inyunyizwe kukizunguka kichuguu, si juu yake. Ardhi iwe kavu na mvua isitarajiwe kwa siku nzima. Na iwe asubuhi au jioni, kwani mchana wa Agosti sisimizi hawatoki kutafuta chakula. Kuhakiki ni rahisi: weka kipande cha krispi karibu na kichuguu. Kikijaa sisimizi ndani ya nusu saa, nyunyiza. Dawa ya mwaka jana iliyofunguliwa usiitumie. Mafuta yake yamechacha na hawaigusi.

Mbu hapa hawana malaria, lakini wapo wawili wa kuwajua. Mwenye miguu ya madoa meupe huuma mchana na huzaliana hata kwenye kizibo cha chupa, kwa hiyo kila wiki mwaga maji ya sahani za vyungu vya maua. Wa pili huuma jioni na usiku, naye ndiye anayebeba virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa Uganda mwaka 1937. Kilele chake huku Marekani ni Agosti na Septemba. Na ukipiga chafya kutwa, usiyalaumu maua ya manjano ya barabarani. Chavua inayokusumbua ni ya ambrosia, gugu la kijani lisilo na sura, na haitaisha hadi baridi kali ya kwanza.

Sasa kiyoyozi, kwa sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu ndiyo inayoleta kilio. Kosa la kwanza ni kukizima kabisa mwenye nyumba akisafiri: kwa unyevu huu ukungu huota kwenye nguo na nyuma ya kabati baada ya siku chache. Kiachwe kwenye 80 hadi 82 za Farenhaiti. Kosa la pili ni kukiteremsha hadi 65 ukidhani kitapoza haraka. Kasi ni ileile, ila hakitapumzika.

Kinachokufa zaidi mwisho wa Agosti si injini, ni bomba la maji. Hewa yenye unyevu ikigusa koili baridi ndani huacha maji, na maji hayo hutoka nje kwa bomba jeupe la plastiki. Miezi mitatu ya matumizi huotesha utelezi kama jeli ndani ya bomba, maji hurudi nyuma, sinia hujaa, na swichi ya kuelea hukata kila kitu. Fundi akija hutoza bei ya mchana wa joto. Fanya mwenyewe: zima kwenye kidhibiti na kwenye swichi kuu. Nenda nje, funga mdomo wa bomba kwa kitambaa kwenye mpira wa mashine ya kunyonya inayomudu maji, nyonya dakika mbili au tatu. Ndani, fungua kifuniko cha bomba karibu na mashine, mimina kikombe kimoja cha siki nyeupe, subiri nusu saa, kisha suuza kwa maji. Yakitiririka nje, umemaliza. Usichanganye siki na dawa ya klorini kamwe; hutoa gesi ya sumu. Ukikuta barafu kwenye bomba la shaba, sababu ni kichujio kichafu au gesi iliyopungua: zima upoozaji, acha feni pekee iyayushe kwa saa kadhaa, badilisha kichujio mshale ukielekea kwenye mashine. Ikirudi, hapo ndipo umwite fundi.

Chakula cha mwezi huu ni karanga. Georgia, jimbo la Atlanta, hulima karibu nusu ya karanga za Marekani, na Agosti zile mbichi kabisa huuzwa kando ya barabara, nyingine zikiwa zinachemka kwenye sufuria kubwa juu ya gesi. Kwetu Afrika Mashariki wengi huzichemsha hadi dakika 45 na kuzila zikiwa bado ngumungumu. Hapa huchemshwa hadi ziwe laini kama maharage, na walio na subira hawarudi nyuma. Kilo moja ya karanga mbichi na maganda yake inataka lita nne za maji na gramu 120 za chumvi. Huelea, kwa hiyo zikandamize kwa sahani. Moto wa wastani, saa mbili hadi tatu. Maji yakipungua ongeza ya moto yasiyo na chumvi, la sivyo zitakuwa chungu kwa chumvi. Zikiiva zima moto uziache ndani ya maji saa nzima au zaidi, maana chumvi huingia zikipoa. Dukani tikisa ganda: likilia, hiyo imekauka, itahitaji kulowekwa usiku kucha na moto wa muda mrefu zaidi. Iliyokaangwa haichemshiki. Zilizoiva zikae kwenye friji. Mezani hupata utelezi siku ya pili.

Pichi za Georgia zimekwisha kufikia wiki hizi, hata kibao kikisema nini. Tafuta maskadini, zabibu nene za porini: bana ganda, nyama iingie mdomoni, tema mbegu na ganda. Bamia, mihogo na ndizi mbichi utazipata soko la wakulima la DeKalb, mjini Decatur, ambako picha haziruhusiwi na baridi ya ndani inadai sweta. Majani ya viazi vitamu utayaona yamepandwa kama mapambo mbele ya benki na ofisi, ya kijani kibichi na ya zambarau. Ni matembele kweli, ila yamepigwa dawa, yaache. Yaache pia majani ya gugu lenye shina la zambarau na vishada vya matunda meusi, hata kama jirani anasema bibi yake aliyala. Lina sumu, na kufikia Agosti limeshapea.

Mwenye kipande cha udongo mwekundu Clarkston au Stone Mountain, miji midogo jirani, apande kolardi, ndugu wa sukuma wiki, kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba. Udongo huu una asidi, hivyo upimwe kwanza kupitia ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Georgia kabla ya kumwaga chokaa kwa kukisia. Miche ipeane sentimita 45, imwagiliwe shinani asubuhi. Viwavi watakuja, nyunyiza dawa ya bakteria aina ya Bt jioni, kwa kuwa jua huiharibu, na urudie mvua ikinyesha. Kolardi huvumilia jalidi na hata huzidi utamu. Lengalenga haivumilii: jalidi ya kwanza, ambayo kwa kawaida huja Novemba, huilaza yote usiku mmoja, kwa hiyo ivunwe kabla, na mbegu za mwakani zipukutwe mapema.