Stesheni ya Miller's Dale mezani kwangu: kazi ilipofikia

Jana usiku nilimaliza daraja la pili, na leo asubuhi nimelisimamisha ubavuni mwa lile la kwanza. Sasa meza imeanza kufanana na Miller's Dale.

Kwa anayeanzia hapa: ninajenga kwa kadibodi na vibao vyembamba stesheni iliyofungwa zamani, katika bonde la mto Wye, Derbyshire, Uingereza. Kipimo ni 1 kwa 76. Kilichonivuta ni swali moja tu: kijiji chenye nyumba za kuhesabika kilipataje stesheni ya majukwaa matano?

Nilipotandaza ramani ya reli nilipata jibu. Kampuni ya Midland ilitaka njia yake yenyewe ya kufika Manchester. Reli yake ilifika Rowsley mwaka 1849, ikapenya mabonde na mahandaki hadi Buxton mwaka 1863, na ndipo Miller's Dale ilipofunguliwa. Lakini njia kuu ya Manchester ilipopita upande mwingine, Buxton ikabaki kwenye ncha ya tawi fupi. Abiria kutoka London aliyefuata maji ya uvuguvugu ya Buxton alishuka hapa na mizigo yake, akangoja gari la tawi. Majukwaa yale yalikuwa ya wapita njia. Wanakijiji peke yao wasingejaza hata moja.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania madaraja yote mawili. La 1863 halikutosha magari yaliyozidi kuongezeka, na mwaka 1905 likajengwa la pili sambamba nalo. Ningejenga moja tu, mtazamaji asingeelewa wingi wa shughuli za pale. Nimechagua miaka ya 1930, Midland ikiwa imekwisha kumezwa na LMS, kampuni kubwa ya reli iliyotokana na muungano wa kampuni za reli wa 1923.

Boriti za daraja zimenitesa. Mara ya kwanza nilizimua gundi kupita kiasi. Kadibodi ikalewa maji na kulipokucha ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi. Nimekata upya, nikapaka gundi nzito kwa ncha ya njiti, kisha nikaigandamiza kwa matofali mawili usiku kucha. Imenyooka. Rangi ni kijivu, na kutu nimeigusia kwa sponji kavu kwenye maungio peke yake, maana maji ya mvua hutuama pale.

Tatizo la reli bado lipo. Upana halisi, milimita 1,435, ukigawanywa kwa 76 unapata karibu milimita 18.9, lakini reli za dukani za kipimo hiki zina upana wa 16.5 tu. Ukizitazama kwa mbele zinaonekana zimebanwa. Nimepasua mataruma yangu mwenyewe na kuyaachanisha zaidi, na jicho linaridhika.

Stesheni ilifungwa Machi 1967, na njia yenyewe mwaka uliofuata. Reli ziling'olewa. Leo watembeaji na waendesha baiskeli hupita palepale, na tangu 2011 wanaruhusiwa kupita ndani ya mahandaki. Nafurahi kwamba mahali penyewe pana watu, lakini mezani kwangu nataka treni.

Wiki ijayo ni zamu ya jukwaa la Buxton. Sanduku la kwanza la msafiri nimeshalichonga: lina urefu wa milimita 11, na mkanda wake ni uzi mweusi.