Nusu ya muhogo na mwisho wa Jaka Sembung

Hii ilikuwa 2012, mwaka wangu wa pili nasoma Yogyakarta, kule Indonesia, kuna jamaa tulikuwa tunakaa nae nyumba moja akaniambia twende kwetu Indramayu kaka yangu anaoa, nikaenda. Kwenye arusi za kule kijijini wana kitu wanaita layar tancap, yani wanasimika mianzi miwili wanatandaza shuka kubwa jeupe, projekta ya zile filamu za mkanda inanguruma nyuma na watu wote chini kwenye mikeka. Wengine walikaa mpaka upande wa pili wa shuka, wanaona maandishi yamegeuka na wala hawajali.

Usiku ule wakaweka filamu ya Jaka Sembung ya 1981, staring ndo Barry Prima. Inamhusu Parmin wa Kandanghaur, ndo huyo Jaka Sembung mwenyewe, na Kandanghaur iko hukohuko Indramayu, kwa hiyo akitokea tu watu wanashangilia kama mtoto wa jirani amerudi. Anapambana na Waholanzi, wanamkamata, wanamtoboa macho. Nikajua basi, kwisha. Kumbe Surti, msichana mmoja humo kwenye filamu, akiwa anakufa anaomba macho yake apewe Parmin, aisee pale uwanja mzima ulinyamaza ikabaki mashine tu inalia, na mama mwenye arusi aliyekuwa anapita na chai akasimama na birika lake mkononi machozi yanamtiririka, wakati filamu yenyewe kaiona tangu yuko msichana!

Halafu mvua. Mvua ya kule haipigi hodi, dakika moja turubai limeshatupwa juu ya projekta na sisi tumebanana barazani, mi roho inaniuma kweli maana pambano la mwisho lilikuwa limebaki.

Mzee mmoja pembeni yangu akaniuliza, mwanangu, mwisho wake umeuona? Nikamwambia bado, Pak, yani mzee. Akachukua muhogo wa kuchemsha kwenye sahani akaukata vipande viwili, akasema huyu ndo mchawi wa kwenye filamu, ana rawa rontek. Hiyo ni ilmu, ndivyo wanavyotamka, neno letu lilelile elimu ila hapo ni ile ya kichawi. Akaviweka vipande kwenye mkeka akavisogeza taratibu mpaka vikagusana, akasema unaona, mkate kichwa, mkate kiuno, mwili ukigusa ardhi tu unajiunga anainuka.

Sasa atauliwaje, Pak?

Hakunijibu. Akakinyanyua kipande kimoja juu kabisa ya kichwa changu akakishikilia hapohapo, mkono wa kizee unatetemeka, kile kingine kiko chini peke yake, na ananiangalia usoni mpaka aone nimeelewa. Nilipoitikia kwa kichwa ndo akashusha mkono, akanipa kile cha juu nile. Kilikuwa bado cha moto katikati.

Mvua haikukatika mpaka asubuhi.