Msimu watu wa Bloomington walipobaki uwanjani

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Mkwakwani, nikisimuliwa na wakubwa jinsi Coastal Union, klabu yetu ya soka, ilivyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Ndiyo maana nilipohamia Bloomington, Indiana, nikakuta watu wanaizungumzia timu ya chuo chao kama mgonjwa wa siku nyingi, niliwaelewa wao kabla sijauelewa mchezo.

Mchezo ni futiboli ya Kimarekani. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Mengine utayajua kwa kutazama.

Chuo Kikuu cha Indiana kinajulikana kwa mpira wa kikapu, kina mataji matano ya taifa. Futiboli ilikuwa habari nyingine. Msimu wa 2023 walishinda mechi 3, wakafungwa 9, na hakukuwa na chuo kikubwa kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kukizidi katika historia. Jumamosi watu walichoma nyama kwenye maegesho ya magari, wakaingia uwanjani kidogo, na wengi wakaondoka wakati wa mapumziko.

Novemba 30, 2023 akatangazwa kocha mpya, Curt Cignetti, mwenye miaka 62, kutoka Chuo Kikuu cha James Madison. Alipoulizwa atawavutaje wachezaji, alijibu kwamba yeye hushinda, na anayetaka ushahidi amtafute Google. Maneno hayo hayakunishawishi. Kilichonishawishi ni kwamba wachezaji 13 wa James Madison walimfuata. Kanuni za sasa zinamruhusu mchezaji kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, naye akaleta vijana waliokomaa, wanaomjua. Kwangu siri ya msimu ule iko hapo, kuliko kwenye hotuba yoyote.

Msimu wa 2024 ukaanza. Wakashinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nebraska wakapigwa 56-7. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa Kurtis Rourke, Mkanada; aliumia kidole gumba siku hiyo, akakosa mechi moja, akarudi. Baadaye ndipo tukasikia kwamba msimu mzima alicheza na goti lililochanika kano. Hadi leo nikikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Novemba 9, 2024 walikuja Michigan, bingwa mtetezi. Nilikaa na mzee jirani yangu, aliyekuwa akinunua tiketi kila mwaka tangu ujana wake. Mapumziko tulikuwa mbele 17-3. Nikageuka kutazama ngazi kwa mazoea. Hakuna aliyeshuka kwenda nyumbani. Kipindi cha pili Michigan wakarudi, pointi baada ya pointi, na mzee akaacha kuongea kabisa. Ilipoisha 20-15 alinishika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu. Mechi 10, ushindi 10: chuo kilikuwa hakijawahi kufika hapo. Simu yangu ikalia. Kaka yangu, Tanga, kwao saa tisa usiku. "Dogo, vipi, wameshinda?" Jamaa hajawahi hata kuuona mpira wenyewe.

Ohio State walitufunga 38-15, iliuma. Wiki iliyofuata tukawapiga Purdue 66-0, tukairudisha ile ndoo kuukuu ya mwaloni ambayo vyuo hivi viwili vinaigombea tangu 1925. Kila mwaka mnyororo wake huongezwa herufi ya mshindi, na miaka mitatu mfululizo ilikuwa imeongezwa P.

Desemba 20 tulikuwa sebuleni kwa mzee, tunatazama mchujo wa taifa, wa kwanza wenye timu 12. Notre Dame, kwao South Bend, wakatutoa 27-17. Mkewe akazima taa za nje. Mzee alikaa na kofia yake nyekundu mapajani, kisha akaniuliza kama mwakani nataka kiti kile kile, pembeni yake, ili aandike majina yetu pamoja. Nikamwambia aandike.